Bahari haina kiingilio: nilivyowatembeza wapwa zangu Mtwara na Mikindani

Mwezi wa sita dada yangu alinipigia simu kutoka Dodoma: anakuja likizo na wanawe watatu, wiki nzima na siku mbili juu. Nilifurahi, halafu nikakaa nikapiga hesabu. Mimi ni fundi cherehani hapa Mtwara mjini, na mwezi wa sita korosho bado, kwa hiyo watu hawashoni. Wapwa zangu walikuwa hawajawahi kuiona bahari hata siku moja. Na sisi Wamakua mjomba si mtu wa kusalimiwa tu. Mtoto akifika kwa mjomba wake akarudi hajaona kitu, aibu ni ya mjomba.

Nikaomba ushauri, na ushauri wenyewe uliniudhi. Jirani akasema kodi gari siku mbili, uwapeleke ufukwe wa Msimbati, mlale hotelini, la sivyo Mtwara hakuna cha kuona. Kijana mmoja anayetembeza wageni akanitajia bei ya kutuzungusha Mikindani, mji wa kale jirani yetu, kwa saa tatu. Ili niipate bei ile ningeshona suruali kama kumi na tano. Niliporudi nyumbani nilimwambia mke wangu: hawa watoto wataona kila kitu, na sitakodi gari la mtu.

Siku ya kwanza niliharibu. Naieleza kwa kirefu kwa sababu kila kitu kilichofuata kilitokana nayo.

Ilikuwa siku ya pili tangu mwezi uandame. Tukapanda daladala ya Mikindani, kilomita 10 hivi, nauli haikufika elfu moja kwa mtu. Nilikuwa nimewaahidi watoto kuogelea. Tumefika saa tano asubuhi, tunashuka, bahari haipo. Ghuba yote ya Mikindani imekauka, tope jeusi linang'aa juani, ngalawa zimelala ubavu, maji mstari mwembamba wa buluu kule mbali. Mdogo wao, ana miaka sita, akaniuliza, "Mjomba, bahari wameipeleka wapi?" Nikasema twendeni tuifuate. Mimi ni mtu wa Masasi, nimekaa Mtwara miaka saba, lakini miaka hiyo yote nimeinamia cherehani.

Hatua ya ishirini mtoto wa kati akazama hadi magotini. Nikamvuta mkono, mguu ukatoka, kandambili ikabaki chini. Nikaingiza mkono kuitafuta, nikaipata, nikaivuta, ikatoka kamba bila soli. Dada kasimama ukingoni na kanga yake, hasemi kitu, na kunyamaza kwake nakujua tangu utotoni. Mkubwa, yuko kidato cha kwanza, alikuwa amekanyaga kitu chenye ncha, damu kidogo. Akina mama waliokuwa wakichokoa kombe kwenye tope lile lile walikuwa wakipita kama wako sebuleni, kwa sababu wanajua pa kukanyaga. Mmoja akaja akamshika mdogo mkono, akatuongoza hadi nchi kavu.

Pale ukingoni palikuwa na mzee anashona wavu chini ya mti. Nikamwamkia, "Shikamoo babu." Akaitikia, akaniangalia miguu, akasema, "Mwanangu, hukuutazama mwezi?"

Alichonifundisha mzee yule kwa robo saa hakuna mtu wa gari la kukodi aliyewahi kuniambia. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, ni bamvua: maji yanakupwa sana na kujaa sana. Kwenye bamvua pwani yetu hii maji yanakuwa chini kabisa kwenye saa nne au saa tano asubuhi, na yanarudi kujaa saa kumi jioni. Kila siku inayopita, ongeza kama dakika hamsini. Mwezi ukifika nusu, ni maji mafu: hayaendi mbali, hayaji kwa fujo, na saa nne asubuhi unayakuta yamejaa. "Watoto wa kuoga," akasema, "walete siku ya nane tangu mwezi uandame."

Mpwa wangu mkubwa akatoa daftari, akaandika pale pale. Jioni tulikaa barazani tukapanga safari zote kwa mwezi, na watoto ndio waliokokotoa. Kama una wageni wa bara, anza na hili kabla hujatafuta hata nauli.

Lakini siku ile hatukuondoka Mikindani. Tuliosha miguu, nikanunua kandambili dukani, tukaingia mitaani, na huko ndiko nilikopata nguvu tena. Mji ule unatembeleka kwa miguu bila kumlipa mtu. Nyumba za ghorofa moja zenye roshani za mbao zinazotazama mtaani, milango iliyochongwa, na nyingine zimeanguka nusu. Zile zilizoanguka ndizo zinazofundisha. Chokaa ikishabanduka unaona ukuta wenyewe ni matumbawe. Mtoto wa kati alipitisha kidole kwenye jiwe moja lenye mikunjo kama ubongo, akasema, "Hili lilikuwa hai." Juu yake boriti za mikoko zimetoka nje ya ukuta, nyeusi, ngumu bado. Kwa hiyo nyumba nzima imetoka baharini: ukuta, chokaa na dari. Walikaa pale muda mrefu kuliko mahali pengine popote, na hakukuwa na tiketi. Waombe tu wenye nyumba kabla ya kusogelea ukuta wao, na ukipita na mabinti, kanga iwepo. Mji wa waungwana ule.

Kuna nyumba yenye kibao cha David Livingstone, yule mmisionari na mvumbuzi Mskoti. Alianzia Mikindani safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866. Wapwa zangu walikuwa wamemsoma shuleni, ila waliosisimka nao ni Susi na Chuma, watumishi wake. Livingstone alipofariki mwaka 1873 kwenye kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, hao wawili na wenzao waliukausha mwili, wakaubeba kwa miguu hadi Bagamoyo. Chuma alikuwa Myao, kijana aliyeokolewa mikononi mwa wafanyabiashara ya watumwa. Wayao ni majirani zetu kabisa Masasi.

Tulipofika kwenye jengo wanaloliita soko la watumwa, dada ndiye aliyewaeleza watoto, si mimi. Akawaambia kwamba watu walioletwa kwenye bandari hizi walitoka huko ndani, kwa Wayao, Wamakua, Wamakonde, hadi ng'ambo ya Ziwa Nyasa. Mwaka ule ule wa 1873 soko la watumwa la Unguja likafungwa. Na mwaka 1876 Askofu Edward Steere alitua Lindi na kundi la watu waliokombolewa, wakapanda nao bara, wakaishia kujenga Masasi kwetu. "Mji wa bibi yenu ulianza hivyo," akasema. Mimi nilikuwa naijua habari hiyo vipande vipande tangu kanisani. Sikuwahi kuisikia nimesimama mahali walipoteremshiwa watu. Hatukusema kitu hadi tulipofika barabarani.

Boma la Wajerumani liko juu kidogo, jeupe, lina mnara. Lilijengwa mwaka 1895, baadaye likachakaa, hadi shirika la hisani la Uingereza, Trade Aid, lilipolikarabati likawa hoteli. Watu wengi wanaogopa kuingia kwa sababu ya neno hoteli. Niliomba kwa adabu, nikanunua soda tano, tukakaa kwenye kivuli tukatazama ghuba kutoka juu. Soda ni ghali kuliko dukani, lakini ndiyo pesa pekee tuliyolipa. Kutoka pale maji yalionekana yameanza kurudi, na mdogo akawa anatangaza kila yalipofika.

Kesho yake tulifuata hesabu ya daftari. Bamvua bado ina nguvu, tukaenda ufukwe wa Shangani, hapa hapa mjini, saa nne kuyafuata maji yanavyotoka. Hapo kukupwa ndiko kunakotakiwa: miamba inabaki wazi na vidimbwi vyenye kaa, samaki wadogo na viti vya pweza. Sheria yangu ilikuwa moja, tunaingia maji yakitoka, na yakigeuka tu wote nchi kavu, hakuna kubishana. Viatu vya kamba miguuni, si kandambili. Tukarudi tumepitia ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha kwa mama mmoja njiani, na dada akala kwa macho yamefumba, maana Dodoma hapati.

Siku nyingine tulipanda kivuko cha Msangamkuu, kwenda na kurudi. Ni shilingi mia chache kwa mtu, na kwa mtoto wa Dodoma ni safari ya meli. Unaiona bandari kutoka majini. Niliwaeleza kwamba Mtwara hii ilikua kwa ajili ya ule mradi wa karanga wa Waingereza baada ya vita, bandari ya kina kirefu ikajengwa na reli ikaenda Nachingwea. Karanga zikashindwa, reli ikang'olewa, bandari ikabaki, na leo ndiyo inayopakia korosho zetu. Jumapili tulisali kanisa la Mtakatifu Paulo, Majengo, ambalo kuta zake zimejaa picha za Biblia zilizochorwa na padre Mbenediktini, Polycarp Uehlein. Baada ya misa tuliomba kubaki. Mdogo alizunguka akitaja: huyu Nuhu, huyu Musa.

Siku ya nane tukarudi Mikindani. Usiku wake tulikuwa tumeutazama mwezi, nusu kamili. Saa tatu na nusu tunashuka kwenye daladala: ghuba imejaa hadi kwenye ukuta, maji yametulia kama ya kwenye beseni, na ngalawa zote zimesimama. Mpwa wangu wa kati alishika daftari juu akapiga kelele mtaa mzima ukageuka. Waliogelea hadi saa sita, mimi nikiwa ndani ya maji hadi kifuani kama uzio upande wa nje. Mzee wa wavu alikuwepo. Nilimpelekea kilo ya sukari na majani ya chai, akawaita watoto, akawauliza bamvua ijayo ni lini. Walijibu sawasawa.

Nauli, kivuko, soda, kandambili, ming'oko, mihogo na madafu, kwa watu watano, hata elfu hamsini haikuisha. Jirani yangu bado anasema ningekodi gari.

Asubuhi ya kuondoka stendi, dada alifungua begi kupanga korosho, akakuta chupa ya lita moja imefungwa kwa mfuko mara tatu. Mdogo alikuwa amechota maji ya Mikindani, anampelekea bibi yake mzaa baba ayaonje kama kweli yana chumvi. Dada alitaka kuyamwaga yasilowanishe nguo. Nikamwambia aache, nikaishika chupa mwenyewe hadi basi lilipowaka, nikampa mtoto dirishani.