Karakana ya magauni ndani ya vyumba vitatu

Wiki hii nimetembelea jumba la makumbusho la Tenement (neno la Kiingereza la jengo la vyumba vya kupanga vya watu wa kipato cha chini), namba 97 Orchard Street, New York, na kilichonivutia zaidi ni makao ya Harris na Jennie Levine, Wayahudi waliohamia Marekani kutoka Poland, ambao katika miaka ya 1890 waliishi, wakalea watoto na kushona magauni ndani ya vyumba vitatu vyenye takriban mita 30 za mraba. Harris alishona kwa cherehani, huku wafanyakazi wake wakigawana kazi nyingine: mmoja alipiga bandi, yaani alishikiza vitambaa kwa mishono ya muda, mwingine alimalizia mapindo kwa mkono, na wa tatu alipiga pasi kwa vyuma vizito vilivyopashwa moto juu ya jiko lilelile alilopikia Jennie. Nikiwa binti wa fundi cherehani, naijua pasi ya mkaa, lakini kuitumia jikoni, kati ya watoto na masufuria, katika kiangazi cha New York, sidhani kama mama angekubali. Mafundi wa namna hiyo walilipwa kwa idadi ya nguo walizokamilisha, kwa hiyo bei iliposhuka, saa za kazi ziliongezeka. Karne ya 20 ilipoanza, ushonaji huo ulikuwa tayari ukihamia viwandani.