Ndizi ya Edensor

Jana mtoto karudi na ndizi yake kwenye lanchboksi, ile ile niliyomfungia asubuhi, imelaliwa na madaftari, begi zima linanuka ndizi mbivu. Nafungua zipu tu nikajikuta niko Edensor, kijiji kimoja huko Uingereza, Oktoba 2011, nimekaa kwenye ukuta wa makaburi.

Nilikuwa nimetoka shifti ya usiku Sheffield, badala ya kulala nikapanda basi kwenda Chatsworth, lile jumba kubwa la Duke wa Devonshire, maana kazini walishanichosha na "bado hujaenda tu?". Bei ya kuingia jumbani nikaiangalia nikaona hapana, nikakatiza zangu majani katikati ya kondoo mpaka kijijini. Wanaandika Edensor wanatamka Enza, usiniulize.

Kanisani palikuwa na mzee anakusanya majani kwa reki. Akanionyesha kaburi la dada yake Kennedy, yule rais wa Marekani, Kennedy mwenyewe alikuja kulizuru 1963, mi naitikia tu, njaa inaniuma, nikatoa ndizi. Mzee akasimamisha reki.

"Hiyo ya kwetu hiyo."

Ya kwenu? Mzee, mimi wa Bukoba, kitovu changu kimezikwa kwenye migomba! Hakubishana. Akanyoosha reki upande wa jumba, ambalo kutoka pale hata hulioni, akasema mche ulitoka Morisi miaka ya 1830, mkuu wa bustani Joseph Paxton akaukuza kwenye nyumba ya vioo inayopashwa moto, 1836 akaupa jina la ukoo wa bosi wake, Cavendish, na ndio hiyo hiyo imejaa supamaketi karibu zote duniani. Halafu kama anaongezea chumvi tu, akasema hata kijiji hiki Paxton huyo huyo ndiye alikisimamia kuhamishwa, bosi wake huyo, Duke wa sita, hakutaka kukiona akiwa kwake. Ikabaki nyumba moja tu ng'ambo ya barabara, imezungushiwa ukuta wake, peke yake kwenye majani.

Nikaiangalia ndizi. Yaani mgomba umetoka ng'ambo unawashiwa moto usisikie baridi, mwenyeji anaambiwa sogea unaharibu mandhari. Ingawa niseme ukweli, nyumba walizojengewa ni za mawe, kila moja na sura yake, bibi yangu angehamia siku hiyo hiyo.

Nikaikata nusu nikampa. Akavua glovu moja, akatafuna polepole kama mtu anayeonja dawa, macho yako kwenye mnara wa kanisa. Akameza.

"Haina ladha."

"Basi kweli ni ya kwenu."

Alicheka mpaka akakohoa, akaegemea reki. Ganda akalikunja vizuri akalitia mfukoni mwa koti.

Nimemsimulia mtoto yote hayo, yeye kaniuliza kitu kimoja tu: yule wa nyumba iliyobaki, mbona hawakumhamisha? Kule kila mtu ana hadithi yake, ya mzee wangu sikumuuliza, basi la kurudi lilikuwa linakuja. Nikamwambia kula ndizi.