Nafasi za Geneva na mashua za Shimoni

Wengi huusifu mkutano wa Geneva wa Julai 1979 kuhusu wakimbizi wa Vietnam. Mimi nausifu nusu yake tu.

Siku zile Wavietnam walikuwa wakiikimbia nchi yao kwa mashua mbovu, wengine wakizama, wengine wakivamiwa na maharamia. Pulau Bidong, kisiwa cha Malaysia chenye kama kilomita moja ya mraba, kilibeba watu wapatao 40,000. Mwishoni mwa Juni nchi tano za ASEAN, jumuiya ya Kusini-Mashariki mwa Asia, zikasema basi, hatupokei tena. Malaysia ilikuwa tayari ikizivuta mashua kuzirudisha baharini.

Ikawa kupatana bei kama sokoni. Wenye pwani wakasema: watashuka, lakini nyinyi matajiri mtuhakikishie kwamba mtawachukua. Kurt Waldheim, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, akaziita serikali Geneva, zikaja 65. Ahadi za nafasi za kuwachukua wakimbizi zikapanda kutoka 125,000 hadi 260,000. Marekani ilikwishaongeza mgao wake kutoka watu 7,000 kwa mwezi hadi 14,000, na Kanada ikaahidi kuchukua 50,000. Japan ilifungua zaidi mkoba kuliko mlango. Hebu fikiri: mtu anakumba maji ndani ya mashua, na kushuka kwake kunangoja hesabu ya karani aliyeko Ottawa!

Hata hivyo nafasi zile ziliokoa roho nyingi, hilo silikatai. Kinachonikera ni sharti la upande wa pili: Vietnam iliahidi kuwazuia watu wake wasiondoke kwa mashua. Mashua zikapungua ghafla, wakubwa wakashusha pumzi. Ulikuwepo mpango wa kuondoka kihalali kwa ndege, uliokubaliwa Mei mwaka huo, lakini mwanzoni ulikwenda polepole mno.

Niliyasimulia haya barazani hapa Wete, Pemba, ami yangu yupo. Yeye ni mmoja wa Wapemba zaidi ya 2,000 waliokimbilia Kenya baada ya polisi kuwapiga risasi waandamanaji Januari 2001. Walishukia Shimoni, pwani ya Kenya, kisha wavuvi hao wakapelekwa kambi ya wakimbizi ya Dadaab, kwenye ukame usio na hata harufu ya bahari. Nao hakuna aliyewapangia mgao wa Kanada. Wengi walirudi nyumbani.

Kwa kawaida ami hayazungumzi mambo hayo. Safari hii alisema, “Mwanangu, wangetufungia pwani usiku ule, tungekwenda wapi?”

Nikamweleza kwamba mwaka 1989 serikali zilikutana tena Geneva, kwa sababu mashua zilikuwa zimeongezeka na nchi za kupokea zimechoka. Safari hii kufika tu hakukutosha. Kila mgeni ahojiwe, na akionekana si mkimbizi arudishwe kwao.

“Anahojiwa na nani?”

Na maofisa wa nchi aliyofikia, nikamwambia. Ile ile isiyomtaka.