Kufua na Kutunza Sari za Hariri Nyumbani

Katika nyumba nyingi za Wagujarati hapa Mombasa, kuna sari mbili zinazotunzwa kuliko nguo nyingine zote: panetar, ile nyeupe yenye pindo jekundu ambayo bibi harusi hupewa na mjomba wake, na gharchola, ile nyekundu yenye miraba ya zari, yaani uzi wa madini unaong'aa, ambayo hupewa na wakwe zake. Zote mbili mara nyingi ni za hariri, na zote mbili nimeziona zikiharibika mikononi mwa watu waliozipenda na waliotaka tu ziwe safi. Rai yangu ni kwamba sari ya hariri ifuliwe mara chache iwezekanavyo, na kazi kubwa ya kuitunza ifanywe siku ile ile inapovuliwa.

Hariri ni protini, kama zilivyo nywele, kwa hiyo haipatani na sabuni ya kipande wala ya unga tunayofulia shuka na kanzu, kwa kuwa sabuni hizo zina magadi yanayoula mng'ao wake na kuuacha uzi ukiwa mkavu na dhaifu. Dawa ya kung'arisha yenye klorini ni mbaya zaidi, kwani huigeuza hariri kuwa ya manjano na hatimaye huzila nyuzi zenyewe. Jasho nalo likiachwa likaukie kwenye nguo hubadilisha rangi na kudhoofisha kitambaa, hasa pale kiunoni sari inapochomekwa. Kwa sababu hiyo, ukirudi arusini usiikunje sari na kuirudisha kabatini, bali itandaze ndani ya chumba chenye upepo, mbali na jua, mpaka asubuhi. Mafuta ya udi na marashi yapakwe mwilini kabla ya kuvaa na yaachwe yakauke kwanza. Tone la mafuta ya chakula linyunyiziwe poda, liachwe usiku kucha, kisha poda ipukutwe taratibu. Lakini mchuzi wenye manjano usiusugue kamwe, maana kusugua huizamisha rangi hiyo ndani ya uzi. Ugandamize kwa kitambaa cheupe kilicho kikavu, kisha umpelekee dobi anayesafisha kwa dawa bila maji.

Kabla ya kufikiria maji, hakikisha unajua ni kitu gani unachokishika. Chomoa uzi mmoja kwenye ncha inayofichwa kiunoni uuchome: hariri hunuka kama nywele zinazoungua na kuacha majivu yanayosagika, ilhali poliesta huyeyuka na kuganda kuwa kishanga kigumu. Zari nayo si ya aina moja. Ile ya asili, ambayo mji wa Surat huko India umesifika kwa kuitengeneza, ni uzi wa fedha uliozungushwa juu ya hariri na kupakwa dhahabu. Nyingine ni shaba iliyopakwa juu, na nyingine ni plastiki inayong'aa ambayo pasi yenye moto mwingi huiyeyusha mara moja. Kisha jaribu rangi: lowesha kitambaa cheupe, kigandamize upande wa ndani wa pindo kwa muda, na ukitazame. Kikipata rangi yoyote, sari hiyo isiguswe na maji.

Hapo ndipo panetar inapohitaji hadhari kubwa, kwa sababu rangi nyekundu imepakana na nyeupe, na uwekundu kidogo tu ukichuja, weupe wote unaouzunguka hugeuka waridi, na hakuna njia ya kuurudisha bila kuiumiza hariri yenyewe. Kwa maoni yangu panetar na gharchola zisifuliwe nyumbani hata kama zimefaulu jaribio hilo, na vivyo hivyo sari nzito za zari kutoka miji ya Kanchipuram na Varanasi huko India. Zinazobaki ni sari nyepesi za hariri, zisizo na zari, ambazo rangi yake imethibitika.

Hizo zifuliwe moja moja katika maji baridi. Maji ya kisima yenye chumvi, ambayo wengi wetu Mombasa tunayategemea, hayafai. Tumia ya mvua au mengine yaliyo laini. Kwa sabuni, loweka maganda ya ritha, tunda linalotoa povu kama sabuni, usiku kucha, uyachemshe, uyachuje, na uyaache yapoe. Ukiyakosa, shampuu kidogo isiyo kali inatosha. Ichovye sari na kuitikisa ndani ya maji kwa dakika mbili au tatu, bila kuisugua, kisha uisuuze mpaka povu liishe. Usiikamue, kwani hariri iliyolowa hupungukiwa na nguvu. Izungushie ndani ya taulo jeupe, uigandamize, kisha uianike kivulini juu ya bomba nene la plastiki, maana waya huacha kutu. Ipigwe pasi ya moto mdogo ingali na unyevu kidogo, upande wa ndani, wala usiirashie maji, kwa sababu matone huacha madoa.

Adui mkubwa wa pwani ni unyevu. Sari ivingirishwe ndani ya bafta nyeupe iliyofuliwa, kamwe isiwekwe ndani ya mfuko wa plastiki unaozuia hewa na kualika ukungu, wala ndani ya leso mpya inayoweza kuchuja rangi. Vidonge vya naftalini visikaribie zari, maana huifanya iwe nyeusi. Karafuu au majani makavu ya mwarobaini ndani ya kifuko cha kitambaa yanatosha, mradi yasiiguse hariri. Wakati wa masika kabati lisifunguliwe ovyo, na mvua zikiisha sari zitolewe zipigwe na upepo kivulini. Kila baada ya miezi mitatu au minne zikunjwe upya katika mistari tofauti, kwa kuwa hariri, na hasa zari, hukatika pale inapokaa ikiwa imekunjwa vilevile kwa miaka. Ile iliyokwisha kuanza kukatika isikunjwe tena wala kutundikwa, bali izungushwe kwenye bomba pana la karatasi lililovishwa bafta, na ilazwe.