Mbona ziko vilevile?

Shemeji aliinama, akachungulia breki za Subaru yangu kupitia matundu ya rimu, akazunguka hadi upande wa pili, kisha akasimama na kusema mbele ya wageni: "Shemeji, mbona ziko vilevile?" Nikamjibu kwamba zimebadilika kwa ndani. "Kwa ndani tena!" akasema, na watu wote pale uani wakacheka, wala hawakucheka kwa ubaya. Hiyo ilikuwa Jumamosi tulipopokea posa ya mdogo wangu, wiki ileile ambayo idara yetu ilimaliza kuhamia Mtumba, kwenye Mji wa Serikali hapa Dodoma, na mambo hayo mawili makubwa yamepita salama. Neno la shemeji ndilo ambalo halijapita.

Alitarajia kuona kalipa kubwa za rangi, yaani vile vibanio vinavyozikandamiza pedi kwenye diski. Anajua kwamba nilikuwa naweka akiba kwa ajili ya breki za Subaru, na amewahi kuniona nikitazama picha za kalipa za kampuni ya Brembo zilizofungwa kwenye STI, Subaru ya michezo. Badala yake nimefunga pedi za uwanjani, yaani za kukimbizia gari kwenye uwanja wa mbio, mafuta mapya ya breki ya daraja la DOT 5.1, mipira ya breki iliyovikwa nyuzi za chuma, na mabomba mawili ya kuleta hewa kutoka kwenye bampa ya mbele hadi katikati ya diski. Diski zenyewe hazikuguswa, kalipa hazikuguswa, na mtu akisimama nje ya gari haoni kilichofanyika. "Mbona ziko vilevile?" Nimeisikia sauti yake nikiwa kwenye foleni ya asubuhi, nimeisikia katikati ya kikao, na jana nimeisikia nikiwa nasonga ugali.

Jibu langu kamili lingeanzia kwenye tairi. Kinacholisimamisha gari barabarani ni mshiko wa tairi kwenye lami, na breki zilizotoka na gari hili kiwandani zina nguvu ya kutosha kuzifunga tairi zote nne mara ya kwanza dereva anapokanyaga kwa nguvu. Ukiweka kalipa kubwa zaidi juu ya tairi zilezile, ule mkanyago wa kwanza haufupishi umbali wa kusimama kwa kiasi cha kujivunia. Tofauti huonekana baada ya kukanyaga mara nyingi mfululizo, pale joto linapopanda kuliko linavyoweza kutoka. Diski kubwa husaidia hapo, kwa sababu chuma kingi hubeba joto jingi, lakini pia huongeza uzito kwenye magurudumu, mara nyingi hudai rimu kubwa zaidi, na zikifungwa mbele pekee huweza kuharibu uwiano wa breki za mbele na za nyuma.

Joto lenyewe si la kudharau. Gari langu, nikiwa ndani pamoja na mafuta, lina karibu kilo 1,500. Kulipunguza kutoka kilomita 160 kwa saa hadi 60 mwisho wa sehemu iliyonyooka huzalisha joto linalotosha kuchemsha lita nne za maji ya bombani, na hilo hutokea kwa sekunde chache, kisha hurudiwa kabla diski hazijapoa. Wengi hudhani kwamba kushuka kutoka 160 hadi 80 ni kazi sawa na kutoka 80 hadi kusimama, kwa kuwa tofauti ni ileile 80. Kazi ya kwanza ni mara tatu ya ile ya pili, kwa sababu nishati ya mwendo hukua kwa kipeo cha pili cha kasi. Ndiyo maana mtu anaweza kuendesha Dodoma hadi Morogoro kwa miaka bila kuzilalamikia breki zake, kisha zikamchosha katika mizunguko michache ya uwanjani.

Tena ugonjwa wa breki zangu ulikuwa na dalili zilizo wazi. Nilipokwenda kukimbia uwanjani ng'ambo ya Namanga, upande wa Kenya, padeli ilianza kuwa laini na kuzama kadiri mizunguko ilivyoongezeka. Pedi zikizidiwa na joto, padeli hubaki ngumu chini ya mguu ilhali gari halipungui mwendo inavyotakiwa. Padeli ikizama, mafuta yamechemka, na mvuke hubonyea pale ambapo kimiminika kisingebonyea. Mafuta ya DOT 4 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzijoto 230, lakini hunyonya unyevu wa hewa polepole, na yakishafikisha maji asilimia 3.7 kiwango cha chini kinachokubalika ni 155 tu. Kwa DOT 5.1 viwango hivyo ni 260 na 180. Kalipa nyekundu zingejazwa mafuta yaleyale machovu, yangechemka vilevile mara joto lilipoyafikia. Fundi wangu na mimi tuliyatoa yote, tukatoa hewa iliyonasa ndani ya breki, gurudumu baada ya gurudumu, hadi kimiminika kikatoka safi bila povu, na naamini hiyo ndiyo kazi bora kuliko zote zilizowahi kufanyika kwenye gari hili.

Nilidhani nitaishia kwenye uchungu, lakini ningemdhulumu Baba. Yeye hakucheka siku ile. Wageni walipoanza kunawa mikono alinisogelea na kuniuliza, "Mama, mafuta umetia yapi?" Nikamwambia. Akauliza kama kopo lilifunguliwa siku hiyohiyo au lilikuwa limekaa gereji, nikamwambia lilikuwa na lakiri. Kisha akaingia kwenye gari, akakanyaga padeli mara kadhaa bila kuwasha injini, akauacha mguu wake pale kwa muda mrefu akiwa ametulia kabisa. "Haishuki," akasema. Baba ameshusha malori ya mizigo mlima Sekenke zama ambazo njia ilikuwa vumbi na kona, na alitufundisha tangu utotoni kuitambua harufu ya breki zilizoungua na kumhurumia dereva anayeteremka kwa gia kubwa akiitegemea breki peke yake. Kabla hajatoka alinipa agizo moja, kwamba nikimaliza kukimbia nizunguke taratibu ili upepo uzipooze diski, na nikisimama nisivute hendibreki zikiwa bado za moto.

Tangu nilipolikumbuka hilo vizuri, leo asubuhi, nimejikuta natamani siku ya uwanjani ifike upesi. Pedi mpya bado hazijazoeshwa, na kazi hiyo nitaifanya hukohuko kwenye mizunguko ya mwanzo: kupunguza mwendo kwa nguvu mara kadhaa bila kusimama kabisa, ili pedi ziache tabaka jembamba lililo sawa juu ya diski, kisha kuziacha zipoe. Zitapiga kelele zikiwa baridi, na si za kukaa nazo mjini, kwa sababu pedi za aina hii hushika vizuri baada ya kupata joto. Za kawaida nimeziweka kwenye mfuko, zinakaa buti hadi nizirudishe baada ya siku ya uwanjani. Shemeji nimemwalika aje akae kiti cha abiria, na amekubali.

Jioni hii Mama Mdogo amepiga simu kutoka Hombolo. Zabibu zimeiva, mnunuzi aliyeahidi kuzichukua hapokei simu tangu juzi, na mawingu yanajikusanya. Kuanzia kesho natafuta gari la kubeba makreti, na hadi sasa sijampata mtu mwenye nafasi kabla ya Jumatano.