Jinsi nilivyopanga upya ratiba ya ukaguzi wa injini za ndege zetu Dodoma

Nilipokabidhiwa ratiba ya matengenezo ya ndege zetu 2 aina ya Cessna Caravan, nilikuta jedwali linalohesabu saa za kuruka peke yake, na kwa mujibu wake injini zote zilikuwa mbali na ukarabati mkubwa, ambao kwa PT6A-114A, aina ya injini zetu, kwa kawaida hufanyika kila baada ya saa 3,600, huku sehemu ya moto, yaani chumba cha mwako na turbini, ikikaguliwa katikati, kwenye saa 1,800.

Kilichonitia wasiwasi ni safari zetu fupi. Diski za kompresa (inayokandamiza hewa) na za turbini (inayozungushwa na gesi ya moto) huchoshwa zaidi na kuwashwa, kupaa na kuzimwa kuliko muda wa kukaa angani, ndiyo maana ukomo wake huwekwa kwa mizunguko, yaani idadi ya mara injini inapowashwa, kupaa na kuzimwa, na ndege inayotua mara 4 kwa asubuhi moja huimaliza haraka. Nilikaa siku 3 na madaftari ya ndege, mengine kurasa zimeshikana kwa mafuta, nikihesabu safari moja moja kwa kalamu. Diski moja ilikuwa karibu zaidi na ukomo wake kuliko saa zilivyoashiria. Usiku huo sikulala vizuri.

Sasa kila jioni rubani huandika saa na mizunguko, na jedwali hutoa tarehe ya kile kitakachotangulia. Kuosha kompresa, hasa kiangazi vumbi linapozidi, nako kumewekewa safu yake. Ukarabati wa injini ya pili nimeutanguliza kwa miezi 2, ili ndege zote zisilale hangani kwa wakati mmoja.