Vidole viwili vya mjomba

Juzi mtu kaacha mfuniko wa jagi karibu na jiko ukaanza kujikunja pembeni, na ile harufu ya plastiki inayoungua iliponifikia sebuleni sikuwaza jiko kabisa, nikawaza bampa. Ile ya nyuma, ya lile gari langu jeupe.

Ekzosi ya spoti, yaani bomba la moshi, nilikuwa nimeshainunua, chuma cha pua kitupu, ncha inchi 4, wakati ya kiwandani ilikuwa kibomba cha aibu kimeinamia chini hata ukisimama nyuma ya gari hukioni. Sasa bampa ilichongwa kwa ajili ya kile kibomba. Hii mpya ukiipandisha kwenye hanga zake, vile vishikio vinavyoining'iniza chini ya gari, inagonga plastiki juu na upande wa kushoto. Fundi wa kulehemu akasema rahisi tu, anaikata ncha anairudisha ndani. Mjomba akakataa katakata. Alisema ncha ikibaki nyuma ya bampa moshi wa moto unaipiga plastiki kwa ndani siku nzima, na mwingine unazunguka unarudi mpaka ndani ya gari. Mdomo lazima utoke nje kidogo, kwa hiyo kitakachopungua ni bampa.

Kuifungua sisimulii. Skrubu za kwenye matao ya matairi, bolti za namba 10, klipu zilizozeeka, na aliyewahi kufungua bampa anajua kuna klipu moja lazima ivunjike hata uiombe msamaha.

Tukailaza kwenye blanketi kuukuu, tumbo juu. Mjomba akafuta vumbi kwa kiganja akanionyesha herufi zilizochapwa kwa ndani, PP+EPDM. "Hii polipropilini mjomba, wamechanganya na mpira kidogo. Ndo maana ukiigonga inarudi haipasuki. Ila moto haiutaki." Inayeyuka kwenye nyuzi 160 hivi, na kulegea inaanza mapema zaidi ya hapo.

Ubishi ukaja kwenye mchoro. Mimi nilitaka tundu liikumbatie ncha, pabaki mwanya mwembamba sawasawa pande zote kama gari zile za kwenye picha. Nilishabandika masking tepu na nimeshachora kwa kutumia kadibodi, mstari safi kabisa. Mjomba akaja akaweka vidole viwili kati ya ncha na mstari wangu, vikagoma kuingia, akachukua kalamu akachora mstari wake nje ya wangu. Bila kusema kitu! Nikamwambia mjomba litakuwa tundu la panya hilo. Akasema panya hana shida, shida ni moto.

Binamu yangu alikuwa kaja na kidrili chake cha kasi chenye kisu cha duara, anakisifia tangu asubuhi. Tukajaribu kwenye kipande ambacho kingeondoka. Plastiki haikukatika, iliyeyuka, kisu kikipita inajifunga nyuma yake, na harufu ndiyo hiyo ya juzi. Mjomba akamwambia apunguze kasi, ikawa afadhali kidogo, halafu mwenyewe akaenda kuchukua utepe wa msumeno wa chuma, bila fremu, akauzungushia tepu upande mmoja pakawa mshikio. Akatoboa kwanza matundu ya mviringo kwenye kona, maana kona kali ndiyo ufa unapoanzia. Kisha akanipa ule utepe.

"Kata mwenyewe. Gari lako."

Sasa hapo. Bampa nzima, haina hata mkwaruzo, rangi ya kiwandani, na mimi nimeinama juu yake na kipande cha msumeno mkono unacheza. Nilikaa hivyo muda, mpaka binamu akacheka. Nikavuta mara ya kwanza, likatoka vumbi jeupe la rangi. Nikavuta tena likawa jeusi, ile plastiki yenyewe, na kuona ule weusi chini ya weupe kulinishtua, sijui nilidhani gari ni jeupe mpaka ndani au vipi, maana tangu nilinunue sikuwahi kufikiria rangi yake inaishia wapi. Baada ya hapo mkono ukatulia. Nikakata ndani kidogo ya mstari wa mjomba, iliyobaki nikaimaliza kwa tupa, kisha msasa 120, 240, 400, mpaka ukingo ukawa laini unaweza kupitisha kidole. Kwa ndani, juu ya bomba, tukabandika tepu ya alumini ya kuzuia joto.

Tukarudisha bampa. Vidole viwili pande zote. Kwa kweli lilikuwa baya, lile pengo lilipiga kelele kuliko ekzosi.

Mjomba akaniambia piga magoti pale nyuma uangalie, binamu akawasha. Ncha ikaruka, ikatulia ikitetemeka. Akazima, ikaruka zaidi, injini ikizima huwa inajitingisha kwenye maunti zake, vile vishikio vya mpira, na bomba zima linafuata. Halafu likipata moto linarefuka, chuma cha pua kwa mita moja karibu milimita 1.7 kwa kila nyuzi 100, kwa hiyo bomba la mita 3 likiongezeka nyuzi 200 ni kama sentimita nzima, na penye kona linasukuma pembeni. Haya nilikuja kuyapiga hesabu baadaye. Mjomba hakuwahi kuyataja, yeye alikuwa na vidole.

Kidole kimoja na nusu kingetosha? Nikipiga tena hesabu naona kingetosha. Sijamwambia.

Siku ya kuliuza lile gari, mnunuzi alizunguka nyuma akainama, akauliza hili tundu mbona kubwa hivi. Nikamwambia washa kwanza. Akawasha, akasikiliza, akakanyaga mafuta mara mbili huku anatabasamu, akazima. Akasema ekzosi nzuri sana, kwa hiyo bampa mpya tunaitoa kwenye bei.